Sisi Wote Tumeona, Lakini Si Wote Tunaugua



Leo nataka tuzungumze juu ya jibu moja ambalo limezoeleka mno katika nyumba zetu za Butembo na Beni. Kijana amejifungia chumbani. Hagusi chakula, hasemi na mtu, na ile pikipiki iliyokuwa ikimpa riziki imesimama uani inapigwa na mvua. Mama yake anaanza kuingiwa na hofu, anawaambia watu, "Mtoto wangu ni mgonjwa." Pale pale mjomba, au jirani, au mzee wa kanisa anamjibu: "Mama, nani hapa hana shida? Sisi wote tumeona."

Wanaosema hivyo hawana nia mbaya, na wanasema kweli. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuizunguka Beni, ni familia gani ambayo haijazika au kukimbia? Watu wa Rwangoma hawajasahau usiku wa mauaji ya Agosti 13, 2016. Beni mjini hawajasahau Krismasi ya 2021, bomu lilipolipuka katika mgahawa uliojaa watu waliokuwa wakisherehekea. Kasindi, Januari 15, 2023, bomu liliwakuta watu kanisani, katika ibada. Katikati ya hayo yote tuliishi na Ebola, kuanzia Agosti 1, 2018 hadi Juni 25, 2020: wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao wakafa, wengi wao katika jimbo letu hili la Kivu Kaskazini. Basi ni kweli, sisi wote tumeona.

Shida ni kwamba maneno hayo ya kweli yanamfunika mgonjwa. Mvua ikinyesha Butembo wote tunalowa, lakini kuna mmoja atakayepata nimonia, na huyo hatumponyi kwa kumwambia kwamba hata sisi tumelowa. Mahali penye amani, mtu asiyepata usingizi mwezi mzima anaonekana haraka kwa sababu wenzake wanalala. Hapa kwetu, Boikene au Oicha, haonekani, maana kuna usiku ambapo mtaa mzima uko macho ukisikiliza mbwa wanavyobweka. Ugonjwa wake unajificha ndani ya hofu ya wote. Tunakuja kuushtukia siku anapotoka nje bila nguo, au siku tunapomkuta amekwisha kujidhuru.

Wataalamu waliwahi kutuhesabu. Mwaka 2010 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi uliofanywa Ituri na katika Kivu zote mbili, watu wazima karibu 1,000 wakiulizwa nyumba kwa nyumba. Watu 41 katika kila 100 walikuwa na dalili za sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa. Watu 50 katika kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe, yale majeraha ya moyo yanayobaki baada ya kuona mambo ya kutisha. Angalieni mwaka wenyewe: hiyo ni kabla ya mauaji ya Beni na kabla ya Ebola. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu yake kwa nchi zote zenye vita: mtu 1 katika kila 5 ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, kuanzia mwepesi hadi mzito, na wale wenye ugonjwa mzito ni kama 5 katika kila 100. Hesabu hizi mbili hazigombani. Ya kwanza ilihesabu dalili zilizotajwa katika orodha ya maswali, na mtu anaweza kuwa na dalili bila kuwa mgonjwa. Ya pili ilitafuta ugonjwa wenyewe. Katikati ya nusu ya watu na moja ya tano ndiko kwenye kazi ninayotaka tuifanye leo, ya kumtambua anayeugua kati yetu sisi tulioumia.

Tuanze na hofu. Mama aliyekimbia kutoka upande wa Mbau usiku, watoto mgongoni na mkononi, atashtuka mlango ukigongwa. Ataota. Atasikia risasi mahali ambapo ni bati tu limelia kwa joto. Katika wiki za kwanza huo si ugonjwa, ni mwili unaofanya kazi yake ya kumlinda. Wengi, wakipata pa kulala, chakula, na watu wao karibu, hofu inashuka yenyewe kidogo kidogo. Tunaanza kufikiri ugonjwa pale ambapo zaidi ya mwezi umepita na bado mambo yale yanamrudia kana kwamba yanatokea sasa hivi, anakwepa njia na watu na hata rangi za nguo zinazomkumbusha, na ameshindwa kupika, kuuza au kulea.

Huzuni nayo ina mpaka wake. Kulia kwa ajili ya marehemu ni haki ya kila mtu, hata mwaka mzima. Sonona ni kitu kingine: kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo ni mzito, hakuna kinachompendeza, hata mtoto wake mdogo akicheka hahisi kitu, nguvu zimekwisha, anajiona ni mzigo kwa wenzake. Kwetu hapa sonona mara nyingi haiji ikisema "nina huzuni." Inakuja kama kichwa kinachouma, tumbo linalowaka, moyo unaodunda, mwili kuchoka bila sababu. Mgonjwa anapimwa malaria, anapimwa tifoidi, anapewa dawa, anarudi baada ya wiki mbili akiwa vilevile. Sina shaka kwamba katika miji yetu hii vidonge vingi vya tifoidi vimemezwa na watu ambao ugonjwa wao ulikuwa huzuni. Papa, mama, ukiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, unapompeleka kwenye kituo cha afya usiseme habari za tumbo peke yake. Mwambie muuguzi pia analala saa ngapi, ameacha kazi tangu lini, na nini kilimpata kabla ya hapo.

Kwa wanaume wetu mara nyingi sonona inapita kwenye chupa. Mwenye shamba la kakao ambaye miaka sasa hathubutu kulifikia shamba lake, anayekaa kwenye pombe ya kasiksi tangu saa nne asubuhi na kuwapiga watoto jioni, tunamwita mlevi na kumaliza. Ulevi ni kweli upo. Lakini pombe inamlaza saa mbili, kisha inamwamsha usiku wa manane akiwa na hofu maradufu, na kesho yake anahitaji zaidi. Nyuma ya chupa hiyo kuna jambo la kuuliza.

Sasa nikae kidogo juu ya kilio, kwa sababu naamini hapo ndipo tulipoumizwa zaidi ya tunavyokubali. Sisi tulikuwa na dawa yetu ya huzuni. Mtu akifa, watu wanakuja kulala matangani, moto unawashwa uani, wanawake wanapika, wazee wanasimulia maisha ya marehemu, mfiwa haachwi peke yake hata kidogo. Ebola ilitunyang'anya hayo. Mwili ulitiwa ndani ya mfuko, ukabebwa na watu waliofunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni, na mama hakuruhusiwa kumgusa mtoto wake mara ya mwisho. Sababu za kidaktari zilikuwa za kweli, kwa maana mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza vikali. Lakini moyo haujui habari za virusi. Na hasira ilikuwa imekwisha kujaa: Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo kwa sababu ya ugonjwa huo huo, na wengi wakaamini kwamba wanachezewa. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa Februari 2019. Aprili 19 mwaka huo daktari kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akauawa hapa hapa Butembo, katika hospitali ya chuo kikuu. Huzuni iliyokosa mahali pa kukaa ilichangia hasira ile, hilo naliona wazi.

Kuna walioelewa. Beni, shirika la ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, hivi kwamba mgonjwa alimwona mke wake, na mke akamwona mume, wakasemezana. Kando ya vituo vya Beni na Butembo, UNICEF ilisaidia kufungua nyumba za kuwatunza watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani wakitibiwa, na waliowabeba watoto hao ni wale waliopona Ebola, kwa sababu miili yao ilikuwa na kinga. Wanawake ambao mtaa ulikuwa ukiogopa kuwasalimia wakawa wao ndio wanaowabembeleza watoto walalapo. Mimi nahesabu hiyo kuwa tiba ya pande mbili, kwa mtoto na kwa mlezi.

Na wapo wafiwa ambao hawajui hata kama ni wafiwa. Nazungumzia familia za waliotekwa. Mtu aliondoka kwenda shamba, akachukuliwa na waasi, na tangu hapo hakuna habari. Huwezi kufanya kilio kwa sababu labda yuko hai. Huwezi kuendelea kwa sababu labda anarudi leo. Kila simu ya namba usiyoijua inakutoa roho. Tafadhali, msiwaambie watu hawa, "Kubali tu, amekufa," wala msiwaambie, "Atarudi, Mungu ni mwema," kana kwamba mna hakika. Kinachowasaidia ni kuruhusiwa kushika yote mawili: kumwombea arudi, na wakati huohuo kupeleka watoto shule, kulima, hata kucheka. Kuna familia zinazokutana siku moja katika mwaka kutaja majina ya waliotoweka, bila kuwaita marehemu. Parokia na makanisa yetu yangeweza kuweka siku hiyo.

Nije kwenye ugonjwa mzito, ule ambao mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini anafuatwa, anazungumza bila mpango, au anakesha siku tano akiwa na nguvu za ajabu na kugawa mali yake. Huu upo katika kila nchi ya dunia, hata zisizojua vita. Hauletwi na laana wala na dhambi za babu. Na kuna jambo moja la haraka ambalo kila nyumba lazima ilijue: mtu aliyekuwa mzima jana, leo amechanganyikiwa na ana homa, huyo ni wa hospitali usiku huo huo. Malaria inayopanda ubongoni inaweza kufanana na wazimu, na inaua. Hali kadhalika mama aliyejifungua siku chache zilizopita akaanza kusema mambo yasiyoeleweka au kumkataa mtoto: msingoje, na msimwache peke yake na kichanga.

Najua wengi tunaanza kwenye chumba cha maombi. Sipingani na maombi, na mchungaji anayemkalisha mgonjwa, akamwita kwa jina lake, akamwombea, anamfanyia jambo jema. Ninachokikataa ni minyororo. Ninakataa kumfungisha mgonjwa siku saba bila chakula, kumchapa ili pepo litoke, kumzuia asimeze dawa kwa kuwa dawa ni kukosa imani. Mtu aliyekonda kwa ugonjwa, ukimfungisha na kumnyima maji, unamharakisha kaburini. Wachungaji mnaonisikia, ninyi mnawaona wagonjwa hawa kabla ya muuguzi yeyote. Mkiwaombea asubuhi na kuwasindikiza kituoni mchana, mtaokoa watu wengi kuliko sisi wa redio.

Tiba ipo, na si ya miujiza. Haloperidoli na klopromazini ni dawa za miaka mingi, zinatuliza sauti na vitisho. Kwa kifafa, ambacho ni ugonjwa wa ubongo lakini kwetu mara nyingi hutibiwa mahali pamoja na magonjwa ya akili, kuna fenobarbitali, dawa ya bei nafuu kuliko nyingi. Shida kubwa ni muda. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hujahisi nafuu, kisha mtu anaendelea kuzimeza miezi 9 hadi 12 hata akiwa amepona. Aliyeugua wazimu kwa mara ya kwanza anaendelea angalau mwaka mmoja baada ya kutulia. Mwenye kifafa anangoja miaka miwili bila kuanguka, ndipo daktari afikirie kupunguza. Familia zetu zinaacha mgonjwa akianza kucheka tena. Miezi mitatu baadaye ameanguka upya, na mtaa unasema dawa za hospitali hazifai.

Zamani kesi nzito zilipelekwa Goma, kwenye kituo cha Tulizo Letu cha Mabradha wa Upendo, na upande wa Bukavu kwenye SOSAME, ya mabradha hao hao. Tangu waasi wa M23 waingie Goma mwezi Januari 2025, safari hiyo kwa mtu wa Butembo si jambo la kupanga tu ukaondoka. Kwa hiyo lazima tuegemee vya kwetu: hospitali kuu za zoni ya afya, vituo vya afya ya akili vilivyo katika miji yetu, na wauguzi wanaofundishwa kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani, mhGAP, ulioanza 2008 ili muuguzi wa kawaida aweze kutambua na kutibu magonjwa haya. Kwa aliyebakwa, mwanamke au mwanamume, hapa Butembo kuna hospitali ya FEPSI, iliyoanzishwa na wanawake wa mji huu. Afike kabla ya saa 72 kupita, ili dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zifanye kazi. Na hata kama miezi imepita, aende tu, kwa maana moyo bado unatibika.

Mtu ataniuliza: inawezekanaje kutibu moyo wakati vita haijaisha? Hilo ni swali zito, na jibu lake limetoka katika udongo wetu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kazi iliyofanywa Kivu na wanawake 405 waliopata ukatili wa kingono. Vijiji vingine vilipata msaada wa kuzungumza na mshauri mmoja mmoja. Katika vijiji vingine wanawake walikutana kwa kikundi, wakafundishwa kuyachunguza mawazo yaliyokuwa yakiwatafuna, kama lile la "kosa ni langu." Waliowaongoza hawakuwa wanasaikolojia wa chuo kikuu. Walikuwa wanawake wa kwetu waliosoma kiasi, wakafundishwa na kusimamiwa vizuri. Washiriki wengi hawakujua kusoma, na risasi zilikuwa hazijanyamaza. Miezi 6 baada ya kazi kwisha, katika vikundi ni 9 tu kwa kila 100 waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Upande wa pili walikuwa 42. Kwa hiyo tusiambiwe tungoje amani. Amani tunaidai kila siku, na matibabu tunayataka sasa.

Hata sauti peke yake inaweza kusaidia. Katika kambi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi wanawake wa Sudan Kusini karibu 700 waliingia katika uchunguzi wa mafunzo yaliyotolewa kwa vikundi kwa kusikiliza sauti iliyorekodiwa. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2020: waliofunzwa walipungukiwa na uchungu, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Nitawapa kipande cha kazi ya namna hiyo, tukifanye pamoja sasa, popote ulipo. Kama unaendesha, simama kwanza.

Kanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Sikia ardhi ilivyokushika. Pumua taratibu, na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Tena. Wazo baya likija usilifukuze, liambie moyoni: "Nimekuona, wewe ni kumbukumbu ya siku ile." Sasa sikiliza sauti tatu zilizo karibu nawe: kuku, pikipiki, sufuria ya jirani. Gusa kitu kilicho mkononi mwako, kama ni kikombe, kama ni kanga. Uko wapi sasa hivi? Jitajie mtaa wako. Jitajie siku ya leo. Hii haifuti yaliyotokea. Inakurudisha mahali ulipo ili uweze kumpikia mtoto au kumaliza kuhesabu pesa za mteja. Ifanye mara mbili kwa siku hata ukiwa mtulivu, ndipo itakapokujia yenyewe siku ya hofu.

Kwa anayempokea mtu aliyetoka kwenye shambulio, neno moja: usimlazimishe kusimulia. Hili nawaambia pia wenzangu waandishi wa habari. Mtu amefika Beni alfajiri, damu ya ndugu yake bado iko kwenye nguo, na tayari kipaza sauti kiko mdomoni. Kumlazimisha mtu kurudia yote siku hiyo hakumtibu, na kunaweza kumwumiza zaidi. Mpe maji, blanketi, simu ya kuwatafuta watu wake. Akitaka kusema, sikiliza. Asipotaka, kaa naye.

Na ukimsikia mtu akisema, "Nimechoka, afadhali nisiwepo," muulize wazi, kwa upole: "Unafikiria kujitoa uhai?" Watu wanaogopa kwamba swali litampa wazo. Halimpi. Wengi wanapumua, kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu. Akijibu ndiyo, usimgombeze wala usimhubirie juu ya jehanamu. Usimwache peke yake usiku huo, dawa za shamba na vitu vya hatari vitoke ndani ya nyumba, na kesho asubuhi mwende wote wawili hospitali.

Nimebakiza mtu mmoja, mama yule niliyemtaja, au dada, au mke, anayemlinda mgonjwa miaka na miaka. Yeye ndiye anayekesha, anayekimbia sokoni na kurudi kabla mgonjwa hajatoka, anayechekwa barabarani. Mara nyingi sonona inamkuta yeye wa pili. Nyumba ya namna hiyo mnaijua, kila mtaa wa Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba hapa Butembo unayo, na kule Beni ni hivyo hivyo. Jumamosi hii nendeni wawili. Mmoja akae na mgonjwa, amsalimie kwa jina, wanywe chai. Mwingine amsindikize mama huyo aende kusuka nywele, au sokoni bila kukimbia, au alale tu mpaka saa tisa. Kisha kubalianeni naye ni nani atakayekuja Jumamosi inayofuata.